Liwali, Waziri na Mkuu wa Mkoa: Kisa cha Mpanda na Katavi

 

Ndugu msomaji, katika nchi zenye mfumo wa shirikisho, gavana wa jimbo huchaguliwa na watu wa jimbo lake, na akimaliza muda wake huenda akapanda ngazi hadi serikali ya taifa. Umaru Musa Yar'Adua alikuwa gavana wa Katsina kuanzia 1999 hadi 2007, kisha akawa Rais wa Nigeria. Bola Tinubu alikuwa gavana wa Lagos katika miaka hiyo hiyo, naye akashika urais 2023. Marekani nako, Jimmy Carter wa Georgia na Bill Clinton wa Arkansas walianzia katika ugavana. Wanahistoria wa nchi hizo hupenda kuandika orodha: gavana fulani alikuwa seneta, fulani akawa waziri, fulani balozi. Orodha ya namna hiyo inaonyesha njia inayotoka mkoani kwenda makao makuu.

Kwetu Tanzania njia hiyo ipo, ila kwa sehemu kubwa imegeuzwa. Mkuu wa Mkoa hachaguliwi na watu wa mkoa. Ibara ya 61 ya Katiba inasema kuwa Wakuu wa Mikoa wa Tanzania Bara huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na wale wa Zanzibar huteuliwa na Rais wa Zanzibar baada ya kushauriana na Rais wa Muungano. Basi anapofika mkoani anakuwa tayari ni mtu wa makao makuu. Swali la gavana gani alipata cheo cha taifa linakuwa kwetu swali jingine: huyu mtu wa taifa aliyeletwa hapa, anakaa muda gani, anawajibika kwa nani, na akiondoka haki za watu wa hapa zinabaki mikononi mwa nani? Nimechagua Mpanda na mkoa wa Katavi kwa sababu ni mkoa mchanga, orodha ya wakuu wake ni fupi, na kila jina ndani yake linatufunza kitu.

Kabla ya kuingia humo tuyatazame maneno tunayoyatumia. Tukisema wilaya ya Mpanda tunatumia neno la Kiarabu ambalo katika vitabu vya fiqhi maana yake ya kwanza si kipande cha ardhi. Wilaya ni mamlaka juu ya mambo ya mtu mwingine: wilaya ya baba katika ndoa ya binti yake, wilaya ya wasii katika mali ya yatima, wilaya ya kadhi katika hukumu. Liwali ni huyo huyo al-wali, mwenye kushika wilaya. Waswahili walilichukua neno pamoja na al yake wakalifanya moja. Baadaye neno wilaya likahamia kwenye ramani, na ile maana ya kwanza, kwamba mtu amewekwa juu ya haki za watu wengine kama wasii alivyowekwa juu ya mali ya yatima, ikafifia. Mwandishi huyu haoni kuwa ni jambo dogo.

Imam Abul-Hasan al-Mawardi, faqihi wa madhehebu ya Shafi na kadhi aliyefariki mwaka 450 H (1058), ndiye aliyelipanga somo hili vizuri zaidi katika kitabu chake cha Al-Ahkam as-Sultaniyya. Uamiri wa nchi aliugawa mafungu mawili, wa jumla na wa mahususi. Wa jumla nao aliugawa tena: kuna uamiri wa kuteuliwa kwa hiari, ambapo khalifa humchagua mtu anayefaa na kumpa nchi aiangalie, na kuna uamiri wa kujitwalia, ambapo mtu mwenye nguvu amekwisha kuishika nchi, na khalifa humthibitisha ili sharia isisimame na umma usigawanyike. Juu ya maamiri kuna mawaziri, nao ni wa aina mbili: waziri aliyekabidhiwa mambo aamue kwa rai yake, na waziri mtekelezaji ambaye kazi yake ni kupeleka amri na kuleta habari.

Nchi za magharibi ya Tanganyika zilizijua aina zote mbili za uamiri huo kabla ya Mzungu kuzitawala. Wakonongo, Wabende, Wapimbwe na jirani zao waliongozwa na watemi wao. Mawali wa Sultani wa Zanzibar waliokuwa karibu nao walikaa Tabora na Ujiji. Liwali wa Tabora, Said bin Salim al-Lamki, alikuwa wa aina ya kuteuliwa. Alikwisha kuwa liwali wa Saadani pwani, akaongoza msafara wa Burton na Speke mwaka 1857, na Stanley alipofika Tabora 1871 alimkuta ndiye mwenye kushika mambo ya Sultani. Mwinyi Heri wa Ujiji habari yake ni nyingine. Yeye alikuwa mfanyabiashara mwenye watu na nguvu zake ziwani, na Sayyid Barghash alipompa bendera na cheo mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikuwa anathibitisha jambo ambalo lilikwisha kuwepo. Al-Mawardi angemweka moja kwa moja katika fungu la kujitwalia. Wakati huo huo, mwaka 1879, Wabelgiji walikuwa wamejenga kituo chao Karema, ambayo leo imo ndani ya mkoa wa Katavi, na 1885 wakawaachia wamisionari Wakatoliki. Kwa hiyo pwani ile ya ziwa ilikuwa na bendera mbili zilizotazamana, na hakuna hata moja iliyotwekwa kwa shauri la wenyeji.

Ukoloni wa Kiingereza ulileta Maprovinsho Komishna. Mpanda ilikuwa katika Jimbo la Magharibi lenye makao makuu Tabora, na ilikuwa mahali padogo mpaka yalipochimbwa madini ya risasi. Kwa ajili ya mgodi huo ilijengwa reli ya tawi kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940, yapata kilomita 210, nayo ndiyo iliyoufanya mji. Mgodi ulifungwa 1960 na reli ikabaki.

Baada ya uhuru, mwaka 1962, Maprovinsho Komishna waliondolewa, na mahali pao wakawekwa Wakuu wa Mikoa waliokuwa pia makatibu wa TANU katika mikoa yao. Chini ya Katiba ya Muda ya 1965 Mkuu wa Mkoa alikuwa pia Mbunge kwa wadhifa wake. Tuliangalie jambo hili kwa makini: mtu mmoja alikuwa mkono wa Rais mkoani, ulimi wa chama mkoani, na mtunga sheria Dar es Salaam. Hii ndiyo ilikuwa sura ya kwanza ya "cheo cha taifa" cha wakuu wetu wa mikoa. Hakupanda kwenda taifani, kwa sababu alikuwa kote kuwili kwa pamoja. Mageuzi ya katiba ya 1992, yaliyoleta vyama vingi, ndiyo yaliyouondoa ubunge huo wa wadhifa.

Lakini mlango haukufungwa kabisa. Mbunge aliyekwisha kupata kiti chake kwa njia nyingine aliendelea kuweza kuteuliwa Mkuu wa Mkoa. William Lukuvi, Mbunge wa Ismani, alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma, kisha wa Dar es Salaam, kisha 2010 akaingia katika baraza la mawaziri. Na Mpanda yenyewe ilipata mfano wake. Tangu 1974 ilikuwa imetolewa Tabora na kuunganishwa na mkoa mpya wa Rukwa. Mwaka 2011 Mkuu wa Mkoa wa Rukwa, Daniel Ole Njoolay, ambaye kabla yake alikwisha kuongoza Arusha na Mwanza, aliondoka, akaja kuwa Balozi nchini Nigeria. Nafasi yake ilishikwa na Mhandisi Stella Manyanya, Mbunge wa viti maalum. Huyu naye baada ya uchaguzi wa 2015 akawa Naibu Waziri wa Elimu. Hivyo wakuu wawili wa mwisho walioitawala Mpanda ikiwa ndani ya Rukwa walikwenda mmoja kwenye ubalozi na mmoja kwenye wizara.

Kisha ikaja Machi 2012, Rukwa ikagawanywa na mkoa wa Katavi ukazaliwa, pamoja na Geita, Njombe na Simiyu. Kutoka Mpanda hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 200, njia ikipita katikati ya hifadhi. Kugawanya nchi kwa ajili ya kuwarahisishia watu si jambo geni katika historia yetu. Mtume (s.a.w.) alipowapeleka Yemen Muadh bin Jabal na Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alimpa kila mmoja upande wake, na akawausia warahisishe wala wasifanye mambo kuwa mazito. Aliyetoka Mpanda kwa basi kutwa nzima kwenda kufuata saini ya mkoa anaelewa kurahisisha ni nini. Hata sisi katika taasisi zetu tuliguswa, kwa kuwa ngazi za BAKWATA hufuata mikoa ya serikali, na mkoa mpya unahitaji sheikh wake wa mkoa.

Wakati mkoa huo unaundwa, Waziri Mkuu alikuwa mtoto wa Mpanda. Mizengo Pinda alizaliwa huko 1948, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mwanasheria wa serikali, akafanya kazi Ikulu kwa miaka mingi na baadaye akawa katibu wa Baraza la Mawaziri. Mwaka 2000 alichaguliwa Mbunge wa Mpanda Mashariki. Akawa Naibu Waziri, halafu 2006 Waziri wa Nchi anayeshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, yaani waziri ambaye Wakuu wa Mikoa wanafanya kazi chini ya macho yake. Februari 2008 akawa Waziri Mkuu hadi 2015. Hakuwahi kuwa Mkuu wa Mkoa popote. Cheo chake kikubwa cha taifa kilitoka katika utumishi wa serikali na ubunge. Hata hivyo, kwa mujibu wa ibara ile ya 61, mtu wa kwanza kuteuliwa kuwa mkuu wa mkoa aliozaliwa yeye aliteuliwa baada ya Rais kushauriana na yeye. Hapa ndipo mtu wa Mpanda alipokuwa karibu zaidi na uteuzi wa liwali wake, na ilikuwa ni kwa sababu ya cheo cha mtu mmoja. Hapakuwa na utaratibu wowote uliowapa watu wa Mpanda neno katika jambo hilo.

Mkuu huyo wa kwanza alikuwa Dk. Rajab Rutengwe, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya hapo hapo Mpanda. Novemba 2014 alihamishiwa Morogoro, akaja Dk. Ibrahim Msengi kutoka ukuu wa wilaya ya Moshi. Machi 2016 Rais mpya, John Magufuli, alitangaza wakuu wa mikoa yote 26 ya Bara, na Katavi ikapewa Meja Jenerali mstaafu Raphael Muhuga, aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Kujenga Taifa. Julai 2018 akaja Amos Makalla kutoka Mbeya. Septemba 2019 Juma Homera, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Tunduru, akachukua nafasi hiyo. Mei 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Homera akahamishiwa Mbeya na Katavi ikapewa Mwanamvua Mrindoko, ambaye alikaa kuliko wote waliomtangulia. (Juu ya mwanamke kupewa wilaya za namna hii maulamaa wana maneno yao marefu; hapa si mahali pake.)

Hesabu, ndugu msomaji. Kuanzia Machi 2012 hadi Mei 2021 ni miaka tisa na miezi miwili, na wakuu watano walikwisha kuja na kuondoka. Hiyo ni chini ya miaka miwili kwa kila mmoja.

Walikotoka na walikokwenda kunaonyesha Katavi ilivyokuwa kituo cha njiani. Makalla alikuja akiwa amekwisha kuwa Naibu Waziri wa Habari na Michezo, kisha wa Maji, na Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro na Mbeya. Baada ya Katavi alirudi kwenye vyeo, akapewa Dar es Salaam 2021, na 2024 akashika nafasi ya uenezi katika makao makuu ya CCM. Homera alitoka Katavi kwenda Mbeya, na Novemba 2025 akateuliwa Waziri wa Katiba na Sheria. Huyu ndiye wa kwanza katika orodha ya Katavi yenyewe kuingia katika baraza la mawaziri akiwa waziri kamili. Kwa wapenda orodha, hapo Katavi imepata jina lake.

Sasa turudi kwa fuqahaa. Al-Mawardi ana mas'ala ambayo nadhani kila imamu anayezungumza na viongozi wa eneo lake angeifahamu. Amiri aliyeteuliwa na khalifa hauzuliki kwa kufa khalifa. Amiri aliyeteuliwa na waziri anauzulika kwa kufa waziri. Kwa nini? Kwa sababu khalifa anapoteua anateua kwa niaba ya Waislamu, na wao hawafi kwa kufa yeye. Waziri anateua kwa niaba ya nafsi yake, basi likikatika shina na tawi linakauka. Ukiipima kanuni hii utaona uzito wake: amiri wa kweli ni wakala wa watu, na aliyemteua ni mkono tu uliopitisha wakala huo. Ukitazama Machi 2016, ambapo Rais mpya aliipanga upya mikoa yote kwa siku moja, utaona kuwa kwa vitendo uteuzi wetu unafanana zaidi na ule wa waziri wa al-Mawardi. Sisemi kuwa Rais hana haki hiyo kisheria, maana anayo. Nasema kuwa mkuu wa mkoa anayejua kuwa kiti chake kinafuata mtu mmoja atatazama upande gani anapoamka asubuhi?

Hata hivyo, kubadilishwa haraka peke yake si aibu wala si kosa. Mji wa Kufa una ushahidi. Ulijengwa mwaka wa 17 H na Saad bin Abi Waqqas (r.a.), mshindi wa Qadisiyya na mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Baada ya miaka michache baadhi ya watu wa Kufa walimshitaki kwa Umar (r.a.), wakafika hata kusema haswalishi vizuri. Umar alimtuma Muhammad bin Maslama, akazunguka misikiti ya Kufa akiuliza watu hadharani, na hakupata la maana dhidi yake. Juu ya hivyo Umar alimuuzulu. Akaja Ammar bin Yasir (r.a.), naye akaondolewa. Akaja al-Mughira bin Shu'ba (r.a.), akawepo hadi Umar anauawa mwaka wa 23 H. Maamiri watatu katika miaka isiyozidi saba. Katavi haikuizidi Kufa kwa mwendo.

Tofauti ipo katika mambo mawili. La kwanza ni kuwa Kufa walibadilishiwa maamiri kwa sababu walisikilizwa. Mashitaka yalitoka kwao, uchunguzi ukafanyika mbele yao, msikiti kwa msikiti. Mkuu wa Katavi hakuondoka kwa sababu mtu wa Karema au wa Inyonga aliulizwa. Aliondoka kwa taarifa kutoka Ikulu, na mkoa ukasikia redioni. La pili ni kuwa Umar alipokuwa anakufa alimweka Saad katika wale sita wa shura, akausia kuwa ikiwa uongozi haukumfikia yeye basi atakayeupata amtumie, kwa kuwa hakumuondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana. Basi kuuzuliwa mkoani hakukumzuia kufaa kwa jambo kubwa kuliko yote la umma. Na kinyume chake pia ni sahihi: mtu kupandishwa cheo baada ya kutoka mkoani si ushahidi kuwa mkoani alifanya vizuri. Ni ushahidi kuwa huko juu anahitajika.

Wapo watakaosema, basi dawa ni kuwaacha wakae muda mrefu. Tarehe inatufundisha tahadhari hapo pia. Muawiya (r.a.) aliishika Damascus tangu zama za Umar, akaongezewa Sham yote, na baada ya zaidi ya miaka ishirini alikuwa na jeshi na watu wanaomjua yeye kuliko wanavyoijua Madina. Yaliyofuata mnayajua.

Kwa nini basi mtu wa Katavi ajali? Kwa sababu mambo mazito ya mkoa ule yameamuliwa na makao makuu, na mkuu wa mkoa ndiye aliyetumwa kuyabeba. Makazi ya Katumba na Mishamo yalipokea wakimbizi wa Burundi tangu miaka ya 1970. Watoto wao wamezaliwa hapo, wameoa hapo, wamezikana hapo. Mwaka 2014, wakimbizi zaidi ya 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, mkoani Tabora, walikamilishiwa uraia wa Tanzania. Uamuzi huo haukuwa wa mkuu wa mkoa. Lakini aliyepaswa kujua nani anabaki wapi, shamba ni la nani, na jirani mwenyeji ataambiwa nini, alikuwa ni yeye, na katika mwaka huo huo mkuu mmoja aliondoka na mwingine akaja. Chukua pia idadi ya watu. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 564,604 katika Katavi. Sensa ya 2022 iliwahesabu 1,152,958. Mkoa umeongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka kumi, na wengi wa waliokuja ni wakulima na wafugaji wanaotafuta ardhi pembeni mwa misitu na hifadhi. Katika kumi hiyo hiyo, mkulima mwenye mgogoro wa mpaka aliyepeleka barua yake mkoani 2013 huenda alilazimika kuieleza upya 2015, 2017, 2018, 2020 na 2022, kila mara mbele ya mgeni anayeanza kuyajifunza majina ya vijiji.

Fuqahaa walilijua tatizo hili kwa upande wa makadhi, wakalitafutia njia. Kadhi mpya anapoingia, jambo la kwanza ni kupokea diwani ya aliyemtangulia: madaftari ya hukumu, mali za mayatima, wakfu, na orodha ya wafungwa, kisha awaangalie wafungwa mmoja mmoja amefungwa kwa haki ya nani. Mayatima wasipotezewe haki kwa sababu kadhi amehama. Katika serikali yetu kazi hiyo ya kuhifadhi kumbukumbu imewekwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mtumishi anayebaki mwanasiasa anapoondoka, chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Imamu au sheikh anayempeleka muumini mwenye shida ya ardhi kwa mkuu wa mkoa, basi ampeleke na nakala, ahakikishe shauri limeandikwa na kupigwa mhuri katika jalada la ofisi, asitosheke na ahadi aliyopewa kwa mdomo katika hafla ya futari. Aliyetoa ahadi huenda mwakani akawa Mbeya, Morogoro au Dodoma katika wizara.